Nyumba ya Upande wa Udongo

Jumatatu, 4 Novemba

Nimechuma chai tangu kucha hadi mvua iliponifukuza. Kikapu kimoja na nusu. Vidole vyeusi. Insha za kidato cha tatu zinaningoja mezani, sijagusa hata moja.

Wiki ya tatu tangu tumzike mama. Bado nasonga ugali wa watu wawili. Kuku wananufaika.

Mchana alikuja Ombati na fundi. Ombati ni kitinda mimba wetu, anafanya kazi Nairobi, na viatu vyake havijui matope ya Birongo. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hurithi nyumba ya mama. Naijua sheria hiyo. Nimeishambulia gazetini mara tatu, kwa jina langu kamili. Fundi alipima jikoni kwa utepe huku mboga zangu za saga zikichemka. Akaniomba nisogee kidogo.

Nikasogea. Hilo ndilo linaloniuma. Nimegombana na mawaziri kwa kalamu, halafu fundi ananiambia nisogee nami nasogea.

Nihame mwisho wa Desemba, amesema Ombati. Alisema kwa upole. Afadhali angetukana.

Jumatano, 6 Novemba

Barua ya uhamisho imefika. Niliiomba siku tatu baada ya mazishi, damu ikichemka. Fomu iliuliza napendelea wapi. Niliandika: popote pasipo na mtu wa ukoo wangu.

Wamenipa kisiwa. Kule ziwani, mbali, shule ndogo ya kutwa yenye walimu sita. Hakuna anayeomba kwenda kule, ndiyo maana jibu limekuja upesi. Januari.

Niliogopa kwa muda wa chai moja hivi. Kisha nikafurahi. Furaha chafu, ya mtu anayebamiza mlango.

Jumamosi, 9 Novemba

Sabato. Baada ya kanisa familia ilikula hapa. Tatamoke, mdogo wa marehemu baba, alikaa kwenye kiti cha mama bila kuuliza.

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Kaburi la mama bado halijakaa sawa, udongo mwekundu umevimba kushoto kwa kaburi la baba, kama inavyotakiwa. Nililitazama, nikauliza.

"Tatamoke, mimi nikifa nitalala wapi?"

Watu wakaacha kutafuna. Mzee akainua fimbo. Ikapita makaburi mawili, ikapita migomba, ikapita choo, ikasimama kwenye mikaratusi ya mpakani.

"Pale. Nje kidogo ya ua. Msichana wa nyumbani halazwi kifuani mwa boma. Sikuitunga mimi."

"Nina miaka hamsini na miwili. Msichana gani?"

"Msichana ni msichana. Ng'ombe za watu tulizirudisha. Zingebaki, tungejua pa kukupeleka."

Ng'ombe zilirudishwa miaka kumi na sita iliyopita, nilipoondoka kwa mwanamume ambaye sitamwandika hata humu. Tangu siku hiyo mimi si wa kule. Leo nimeambiwa kwa fimbo kwamba si wa huku pia.

Ombati, mdomo umejaa kuku: "Lakini dada, si ni wewe uliyeandika kwamba kaburi ni shimo tu na maiti haihitaji anwani? Makala ile niliikata. Ninayo ofisini."

Wakacheka. Hata wake zao. Sentensi nzuri, na ni yangu. Miaka ishirini nawacheka Wakisii wenzangu kwa kupelekana kortini juu ya maiti, halafu leo naomba futi sita kama mjane wa kesi hizo.

Mimi ni mnafiki. Niandike hilo mahali walau pamoja. Naandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu hapa Birongo hakuna anayekisoma kwa hiari.

Jumanne, 12 Novemba

Mwalimu mkuu wa kule kisiwani amepiga simu. Mwalimu Awino, mwanamke, sauti ya kikohozi na subira. Anasema kuna mahali pawili pa kuishi: vyumba vya mabati ufuoni, boti zinapotia nanga, au nyumba za walimu juu ya mwamba. Nije nione kabla ya Krismasi, nichague.

"Hakuna kwingine?"

"Kuna nyumba upande wa nyuma, lakini ile si ya kukaa. Iko mbali na watu."

Mbali na watu. Ndiyo hiyo.

Ijumaa, 15 Novemba

Niko kisiwani, nangoja boti ya kurudi bara. Naandika juu ya goti.

Kisiwa ni mwamba uliotoka majini ukavaa mabati. Ufuoni nyumba zimekumbatiana kama watu wenye baridi, redio tano kwa wakati mmoja, dagaa wa omena wametandazwa kila palipo na nafasi ya kuweka mguu. Ningekuwa kichaa kabla ya Pasaka.

Nyumba za walimu ziko juu. Safi. Tanki la maji, chumba na jikoni, upepo usiokoma. Niliuliza nitapanda wapi sukuma wiki. Mwalimu Awino akanionyesha ndoo.

"Sisi hulima kwenye ndoo, Mwalimu."

Alicheka. Sikucheka. Mtu wa Birongo halimi kwenye ndoo. Sisi tunalima mpaka ukingo wa barabara, tunalima mpaka mlangoni mwa choo. Nikasema nataka kuona nyumba ya upande wa nyuma.

"Mwalimu, pale watu..."

Nikamkatiza. Nikamwambia watu waseme wapendavyo, mimi maneno ya watu nimekula kama mboga tangu utotoni. Akanitazama, akamwita mzee Ogola mwenye boti.

Mzee Ogola alinizungusha hadi kule, akakataa kushuka. "Mimi nitakaa na injini." Uvivu, nikasema moyoni.

Nyumba ya mawe, vyumba viwili, mabati bado mazuri, mlango umefungwa kwa waya. Nyuma yake kuna bonde dogo lililofichwa na miamba, na ndani ya bonde, udongo! Mweusi, mlaini. Nilipiga magoti nikazamisha mkono hadi kiwiko. Kule kwetu familia tano zingekuwa kortini kwa ajili yake. Na haulimwi! Kuna matuta ya zamani, mistari imenyooka, kila tuta limezungushiwa mawe ya chokaa. Mengine ya hatua mbili, mengine ya hatua moja tu. Mtu fulani alikuwa na nidhamu hapa, kisha akaondoka, na kisiwa kizima kikashindwa hata kupanda kitunguu.

Nilikuwa nimebeba mche mmoja wa mgomba wa mama ndani ya gunia, nijaribu kama utashika. Ndani ya nyumba nikakuta majembe mawili na sururu, makali bado. Nikachimba kwenye tuta fupi karibu na mlango. Jembe lilitoa kipande cha turubai la bluu na kamba ya nailoni. Takataka za wavuvi. Nikatupa kando, nikapanda.

Muda wote huo mzee Ogola alitazama ziwa, si mimi. Niliporudi aliniambia ninawe mikono kabla ya kupanda boti. Naye akanawa, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Nimemwambia Mwalimu Awino nimechagua. Akasema: "Umechagua wewe."

Ndiyo. Mimi. Kwa mara ya kwanza tangu fundi aniambie nisogee.

Jumapili, 17 Novemba

Nimeandika makala kwa saa mbili, bila kufuta. Inawaka. Kuhusu watu wanaonunua vitunguu kutoka bara huku wamekalia udongo unaomeza mkono mzima. Nimewaita wapangaji wa ardhi yao wenyewe. Nimewaita wavivu mara mbili, mara ya pili kwa tamathali. Sikutaja kisiwa. Mhariri anasema ni moto.

Jumapili nzima mvua ya mawe. Chai imechanika.

Ijumaa, 22 Novemba

Imetoka. Nilinunua nakala mjini Kisii, nikaisoma nimesimama katikati ya wauza ndizi. Mmoja akanisukuma kwa mkungu: "Mama, soma ukienda." Bado nilijisikia vizuri.

Jumatatu, 25 Novemba

Mwalimu Awino amepiga simu. Niandike alivyosema, kabla sijaanza kuyapamba.

"Mwalimu, nimesoma. Kiswahili chako kitamu. Sasa nisikilize, na leo usinikatize."

Sikumkatiza.

Kisiwa hakina udongo wa kumfunika mtu. Wenyeji wenyewe wakifa husafirishwa kwa boti hadi kwao bara, wakazikwe na watu wao. Lakini ziwa huleta wengine. Wavuvi wa pande zote, watu wa nchi jirani, abiria wa boti zilizopinduka. Wengine hukaa majini mpaka hawana sura. Huripotiwa, hutangazwa, hungojwa. Asipotokea mtu, ni nani atawasafirisha, na awapeleke wapi?

Basi wakaleta udongo. Gunia kwa gunia, toka bara, kwenye boti za omena. Kila aliyevuka na nafasi chomboni alirudi na gunia. Miaka na miaka. Wakajaza lile bonde, maana lilikuwa shimo la mawe matupu.

Mzee mmoja aliishi kwenye nyumba ile, ndiye aliyekuwa akizika na kupaka mawe chokaa. Alifariki mwaka juzi. Alipelekwa kwao.

"Yule uliyempandia mgomba ni mtoto. Alikuja amefungwa mgongoni mwa mamake. Mamake ni tuta la pili yake."

Turubai.

Nilimuuliza kama watu wameisoma makala. Alisema kijana mmoja aliisoma kwa sauti ufuoni, watu wakipanga nyavu. Hawakukasirika. Waliendelea na nyavu zao.

"Ningependa wangekasirika," akasema. "Nyinyi watu wa milimani mnajua udongo sana. Lakini mngeuliza."

Jumanne, 26 Novemba

Sikwenda kuchuma chai. Nimenawa mikono mara nyingi, kama mjinga.

Nilihesabu matuta yale kwa jicho la mkulima. Niliona mistari, nikaona samadi, nikaona vitunguu. Niliona mengine ni mafupi, na sikujiuliza ni kwa nini mtu apande mboga kwenye tuta la hatua moja.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimeandika kuomba radhi. Sentensi nne. Mhariri alicheka kwenye simu: "Wewe? Radhi? Niweke ukurasa wa mbele?" Nikamwambia aweke pale pale ilipokuwa makala, herufi ukubwa ule ule. Katika miaka ishirini sijawahi. Nimewahi kukosea, hilo ni jambo jingine.

Ombati ametuma ujumbe: "Na hii pia nimeikata, dada." Sijui kama ni kejeli. Kwa mara ya kwanza sijui.

Alhamisi, 5 Desemba

Mwalimu Awino anasema nyumba ya mwambani ingali tupu, nihamie huko, watu watasahau. Mtu mwenye akili angekubali. Ina tanki.

Nimelifikiria hili siku tatu. Kwenye mwamba wanaishi watu wenye mahali pa kurudishwa. Wanaweza kukaa juu ya jiwe maisha yao yote kwa sababu mahali fulani kuna boma linalowangoja, boti itakuja, ndugu watapokea. Mimi boti ikinileta Birongo, nitapokelewa na fimbo.

Sina hoja ya kupinga. Nimeitafuta. Mimi ambaye huwa na hoja ya kupinga salamu.

Nimempigia Awino, na safari hii sikuchagua. Nimeomba. Nimesema nataka kuishi kwenye nyumba ile, nikijua ilivyo, kama wenyeji wataniruhusu. Amesema atawauliza.

Jumatano, 11 Desemba

Hakuna jibu.

Ombati ameleta rangi na vigae. Viko barazani. Navipita nikienda kukoga.

Jumamosi, 14 Desemba

Jibu. Wamekaa ufuoni wakazungumza. Wamesema naweza kukaa. Mgomba usiguswe, ukichimbuliwa utamsumbua mtoto mara ya pili.

Kuna sharti. Anayeishi kwenye nyumba ile ndiye anayezika. Siku zote imekuwa hivyo. Ziwa likileta mtu, wavuvi watambeba hadi mlangoni, lakini kuchimba, kumshusha na kumfunika ni kazi ya mwenye nyumba. Iwe Jumatatu ya vipindi sita, iwe siku ya mvua.

"Waliuliza kama mwanamke ataweza," akasema Awino. "Nikawaambia anaweza kuchimba, nyinyi wenyewe mmeona."

Alikuwa akitania. Nilicheka, halafu nikakaa chini.

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Hata la mama sikuruhusiwa kushika jembe, nilisimama na kitambaa mkononi. Naogopa. Si mizimu, siamini mizimu. Naogopa uso. Naogopa kutoujua, na naogopa siku nitakapozoea.

Ana haja ya jibu kufikia Jumatatu.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimekubali.

Jumamosi, 28 Desemba

Siku ya mwisho Birongo. Vitabu vimeingia katoni saba. Vingine nimevigawa, vingi vya kubishana. Vitanda nimemwachia Ombati, alivikuta hapa.

Asubuhi nilichukua jembe na gunia, nikateremka hadi kwenye mikaratusi. Ardhi pale ni mbaya, mizizi imeinyonya, nyekundu na kavu kama tofali. Nikachimba pale pale fimbo ilipoonyesha. Ombati alishuka na kikombe chake cha chai.

"Dada, unafanya nini?"

"Nachukua changu."

"Udongo?"

"Niligawiwa. Ulikuwepo."

Akasimama. Nikangoja anisomee sentensi yangu nyingine kutoka faili lake la ofisini. Hakuisoma. Akaweka kikombe chini, akashika mdomo wa gunia ukae wazi. Viatu vyake vikaharibika.

Tatamoke alitukuta tumemaliza. Nadhani alielewa kabla hajaambiwa, maana uso wake ulizeeka pale pale. Nilikuwa na hotuba tayari, niliiandaa tangu ile Sabato. Mzee akainama, akalifunga gunia kwa kamba ya katani, fundo la zamani lile la kufungia mtama. Akalijaribu kwa mkono.

"Halitafunguka njiani," akasema.

Hotuba sikuitoa. Kwa mama nilikaa kidogo. Udongo wake umeanza kushuka.

Alhamisi, 2 Januari

Nimefika. Mzee Ogola alishuka safari hii. Alibeba gunia hadi mlangoni, kisha akanawa mikono. Nami nikanawa, bila kuambiwa.

Majembe yapo nilipoyaacha. Wavuvi wamekwisha kuniwekea chokaa, ndoo nzima, na maturubai mapya yamekunjwa.

Jumapili, 5 Januari

Hakuna aliyeletwa. Siku tatu, hakuna. Shule inafunguliwa kesho, nina vipindi vinne.

Nimepaka chokaa mistari miwili. Mawe ya lile tuta fupi niliyoyasogeza Novemba nimeyarudisha. Kipande cha turubai nilikikuta chini ya jiwe, nilikokitupa. Nimekifukia kilikotoka, bila kuchimba zaidi ya kiganja. Mgomba umetoa jani moja, bado limejikunja.

Mwisho wa safu ya tatu, kati ya tuta la mwisho na ukuta wa nyumba yangu, kuna nafasi. Nimeipima kwa miguu. Hatua mbili na kidogo, kimo changu. Nimemwaga hapo udongo wa Birongo, nikausambaza kwa mkono. Haukutosha kufunika mahali pote. Mwekundu juu ya mweusi, mvua ikinyesha hautaonekana.

Nimenoa majembe. Nimeandaa somo la kesho.